Kutoka Borstal au jela ukiwa kijana nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila kijana anapokaribia kuachiliwa. Mengine huulizwa na kijana mwenyewe, mengine na mama anayemsubiri nje ya lango, machache na chifu asiyetaka fujo katika lokesheni yake. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo hadi yale yenye utata. Jibu moja likigusa jingine, nambari ya swali imetajwa.

## Kabla ya lango kufunguliwa

1. Kuna tofauti gani kati ya shule ya kurekebisha tabia, Borstal, kituo cha vijana cha Kamiti na jela?

Anza hapa, kwa sababu nani atakusimamia na rekodi yako inasemaje vinategemea umetoka wapi. Shule za kurekebisha tabia, kama Wamumu, Kabete na Kirigiti, ni za watoto na hazisimamiwi na Idara ya Magereza. Borstal ni vituo vya Idara ya Magereza vya kurekebisha vijana wenye miaka 15 lakini hawajafika 18: Shikusa kule Kakamega na Shimo la Tewa Mombasa ni za wavulana, Kamae jijini Nairobi ni ya wasichana. Amri ya Borstal ni ya miaka 3, ingawa mtu anaweza kuachiliwa mapema. Kituo cha vijana cha Kamiti, kinachojulikana zaidi kama YCTC, huchukua wenye miaka 17 hadi 21 kwa miezi 4, na mtu hapelekwi huko mara mbili. Waliobaki, walioshtakiwa wakiwa watu wazima, huenda jela za kawaida.

Mtaani haya yote huitwa "alikuwa ndani". Sheria haiyaoni hivyo, na usikubali mtu akujazie fomu kana kwamba ni kitu kimoja.

2. Nilifungwa miaka mitatu lakini naambiwa nitatoka baada ya miwili. Ni kweli?

Kwa jela ya kawaida, ndiyo. Anayefungwa zaidi ya mwezi mmoja hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, ila anaweza kuipoteza yote au sehemu yake kwa utovu wa nidhamu. Wenye vifungo vya maisha hawamo. Hesabu hii haitumiki Borstal. Huko uliza afisa wa ustawi.

3. Nichukue nini kabla sijatoka?

Karatasi. Hati ya kuachiliwa, vyeti vyote vya masomo na ufundi, rekodi ya matibabu kama unatumia dawa za kila siku, na chochote ulichokabidhi siku ya kuingia. Hesabu vitu vyako ukiwa bado ndani. Vijana wengi wana haraka ya kufika stendi, kisha cheti cha useremala kinabaki kwenye faili, na nauli ya kurudi kukifuata haipatikani.

Hati ya kuachiliwa usiitupe kwa hasira. Utaihitaji kwa chifu, kwa afisa wa probesheni, na siku ambayo mtu atadai umetoroka.

4. Nikishatoka, nitakuwa chini ya nani?

Idara ya Probesheni na Uangalizi ndiyo hufuatilia vijana wanaotoka Borstal. Afisa wake huwa ameshafika kwenu kabla hujaachiliwa, ameongea na wazazi, chifu na majirani, na ameandika ripoti. Kama kwenu hakuna aliyemwona afisa, familia iende ofisi ya probesheni ya kaunti ndogo ikaulize. Aliyemaliza kifungo cha kawaida jela kwa kawaida haripoti kwa mtu, lakini hakuna anayemzuia kwenda ofisi hiyo kuomba msaada.

Wengi humkwepa afisa huyu wakidhani ni polisi. Mara nyingi barua yake ndiyo inayomfungulia kijana mlango wa chuo au wa fundi.

## Wiki za kwanza nyumbani

5. Mbona mwanangu amerudi kama mgeni?

Mama mmoja alieleza hivi: kijana anaamka saa kumi na moja, anakunja blanketi pembe nne, kisha anakaa ukingoni mwa kitanda kimya. Mlango wa chumba umerudishiwa tu, haujafungwa. Anasubiri mtu aje aufungue. Akitaka kwenda chooni anaomba ruhusa.

Hiyo si dharau wala wazimu. Amezoea kuamuliwa: saa ya kula, saa ya kuoga, saa ya kulala. Nyumbani anakutana na maamuzi madogo mengi kwa siku moja, na wadogo zake wamekuwa wakubwa na wana mazoea yao. Mpeni ratiba nyepesi na jukumu linaloonekana, kama kuchota maji, kufungua duka la mama au kumpeleka mdogo shule. Jukumu linamwambia kwamba anahitajika. Kumchunga kila dakika kunamwambia kwamba amehamishwa jela tu.

Asipolala, akishtuka kila kelele, akijitenga wiki baada ya wiki au akisema afadhali afe, nendeni hospitali. Msingoje apoe mwenyewe.

6. Tumefanya mchango. Tumfungulie biashara moja kwa moja?

Hapa tuna msimamo: mtaji usitangulie. Familia hukaa, mjomba anatoa, chama kinatoa, na ndani ya wiki kijana ana pikipiki au kibanda. Nia ni njema. Lakini kijana huyo hana kitambulisho, hana laini iliyosajiliwa kwa jina lake, hajashika pesa kwa muda mrefu, na marafiki wa zamani wameshasikia kwamba kuna kitu kimenunuliwa. Kibanda kikianguka mwezi wa tatu, ukoo mzima unasema "tulijaribu", naye anabeba deni la aibu juu ya lile la mwanzo.

Utaratibu unaoshika zaidi ni huu: kwanza pahali pa kulala penye uhakika, pili karatasi (swali la 9), tatu mtu mmoja mzima asiyekuwa mzazi anayemdhamini kwa neno lake, nne kazi au mafunzo ya kila siku hata kama malipo ni madogo. Mtaji uje baada ya hapo, na uje kidogo kidogo. Pesa za mchango zinaweza kungoja katika akaunti ya mtu anayeaminika. Mkitaka kutumia mapema, zilipe karo ya ufundi au zinunue vifaa vya kazi ambavyo si rahisi kuuzwa usiku mmoja.

7. Ni heri ahamie kwa shangazi yake mji mwingine?

Mara nyingi ndiyo, ikiwa genge lililomwingiza matatani bado liko pale pale. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, baadhi ya waliotoka jela Louisiana hawakuweza kurudi mitaa yao iliyoharibiwa. Mtafiti aliyewafuatilia alikuta kwamba waliohamia maeneo mengine walirudi jela kwa kiwango kidogo kuliko waliorudi kwao.

Lakini kuhama bila mpango ni kutupwa. Shangazi aambiwe ukweli wote, kijana akubali mwenyewe, na kama yuko chini ya usimamizi, afisa wa probesheni ajulishwe kabla ya safari ili faili lihamie ofisi ya huko. Kuondoka bila kumwambia kunaweza kuonekana kama kukiuka masharti.

8. Alikuwa akitumia heroini kabla ya kushikwa. Sasa amekaa bila. Si amepona?

Hapana, na hili ndilo jibu tungependa lisomwe na kila mtu. Mwili uliokaa muda bila dawa hupoteza ustahimilivu. Kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine, na kupitisha kipimo cha dawa kuliongoza katika sababu za vifo.

Mwambieni waziwazi, bila mahubiri. Nairobi na kaunti kadhaa za Pwani zina kliniki za methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Mkimkuta hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi na haamki, mkimbizeni hospitali hata kama mnaogopa maswali.

## Kipande, rekodi na kazi

9. Nilitimiza miaka 18 nikiwa ndani, na sina kitambulisho. Nianzie wapi?

Kwa cheti cha kuzaliwa. Kikiwepo, nenda na nakala ya kitambulisho cha mzazi kwa ofisi ya usajili wa watu au Huduma Centre, ukipitia kwa chifu au naibu wake athibitishe kwamba anakujua. Kisipokuwepo, anza ofisi ya usajili wa vizazi. Kama wazazi hawapo, mlezi na chifu ndio watakaosimama nawe, na barua ya afisa wa probesheni husaidia sana.

Usilichukulie kuwa jambo la baadaye. Bila kitambulisho, yaani kipande, huwezi kusajili laini, na bila laini msimamizi wa mjengo hana pa kukutumia malipo ya wiki. Kijana analipwa kupitia simu ya kaka yake, kaka anakata "ya stima", kijana anauliza, wanashikana mashati, na jirani anasema, si mnaona, hajabadilika. Ugomvi wote huo ni wa kipande.

10. Je, jina langu litaonekana nikiomba cheti cha polisi cha maadili mema?

Cheti hicho huombwa kupitia eCitizen, kisha unachukuliwa alama za vidole na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, inazilinganisha na kumbukumbu zake. Kwa mtu aliyehukumiwa akiwa mtu mzima, tarajia hukumu kuonekana. Kenya haina sheria ya jumla inayoifanya hukumu izeeke na kuachwa kutajwa, kama ile ambayo Uingereza ilipitisha mwaka 1974. Hilo ni pengo, na linawaumiza watu waliokosa mara moja tu wakiwa na miaka 19.

Kwa aliyeshughulikiwa na mahakama ya watoto, hali ni tofauti. Sheria ya watoto hairuhusu maneno ya kumtia hatiani na kumfunga yatumike kwa mtoto, na inalinda faragha yake katika kesi yote. Kwa hiyo ukiona cheti chako kimeandikwa kinyume na hivyo, usikikunje na kurudi nyumbani. Nenda kwa wakili, kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au kwa afisa wa probesheni ukiwa na karatasi za mahakama.

11. Lazima nimwambie mwajiri?

Ukiulizwa moja kwa moja, usidanganye. Uongo ukigunduliwa utafukuzwa kwa uongo huo, hata kama kosa la zamani wangelisamehe. Usipoulizwa, si lazima uanze nalo kabla hujataja jina lako.

Ujue pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inataja misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kubagua kwayo, na kuwahi kufungwa hakumo katika orodha hiyo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa upana zaidi, lakini kesi ya Katiba si kitu cha kukupatia kibarua Jumatatu. Kinachofanya kazi ni maelezo mafupi: nilifanya nini, nilijifunza nini, nani anaweza kunidhamini. Kisha nyamaza. Vijana hujiharibia kwa kujieleza robo saa.

12. Kazi zipi ziko wazi, na zipi nisipoteze muda nazo?

Ulinzi katika kampuni, kuendesha magari ya abiria na ualimu huja na cheti cha swali la 10 mapema kabisa. Kazi nyingi za Ghuba vilevile. Juakali, ushonaji, uchomeleaji, kilimo, mjengo, kinyozi na upishi huangalia mkono wako kwanza. Kama ulifanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ukiwa ndani, cheti kinatolewa na NITA yenyewe, sawa na cha fundi aliyefanyia nje. Aliyefikia Gredi ya III anaweza kuendelea hadi ya II na ya I.

Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, iko wazi kwa mwenye kipande na laini yake mwenyewe. Mkopo wa mtu binafsi huanzia Sh500 na riba ni asilimia 8 kwa mwaka. Chukua kidogo, lipa, kisha ongeza.

13. Naweza kurudi shule?

Unaweza. Elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto chini ya kifungu cha 53 cha Katiba, na shule haiwezi kukunyima kwa sababu tu ulikuwa Borstal. Mwalimu mkuu akisita, mzazi aende na afisa wa watoto au wa probesheni. Barua pekee huishia mezani. Ukiona haya kukaa darasa moja na wadogo zako, fanya mtihani wa sekondari wa KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, au ingia chuo cha ufundi, ambako kozi za ngazi ya chini hazidai alama kubwa.

## Mtaa, polisi na uliyemkosea

14. Kila kukiibiwa kitu polisi wanakuja kwetu. Nifanye nini?

Usikimbie, hata kama hukufanya. Anayekimbia amejipa kosa la pili. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, anaweza kunyamaza, anaweza kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo unaishia wikendi. Familia iulize jina la afisa na nambari ya OB (daftari la matukio la kituo), na iandike saa.

Dawa ya muda mrefu ni kujulikana kwa jambo jingine. Mwajiri anayeweza kusema "alikuwa hapa tangu saa mbili" ni ngao kubwa. Mtu wa Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa mtaa, akikuona kila asubuhi ukienda kazini, ripoti zake hubadilika. Malalamiko ya kupigwa au kutishwa na polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi.

15. Niende kumwomba msamaha niliyemwibia?

Si wewe unayepanga siku. Mtume kwanza mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, mzee wa mtaa, imamu, mchungaji au afisa wa probesheni, aulize kama yuko tayari kukuona. Akikataa, heshima ni kukaa mbali naye. Akikubali, taja kosa lako waziwazi bila "lakini". Usimwambie ulivyoteseka ndani. Kama ulichukua simu yake, zungumzieni kuilipa hata kwa mafungu. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inahimiza maridhiano na upatanishi.

Kwa makosa ya kingono au ya kuumiza mwili vibaya, usiende kabisa kwa njia ya kienyeji. Hata mjumbe anaweza kumrudishia mtu hofu. Acha afisa aongoze.

16. Kanisa linataka atoe ushuhuda kila Jumapili. Ni vizuri?

Mara moja, akitaka mwenyewe, sawa. Kila Jumapili anageuka kuwa "yule wa jela" kwa kazi maalumu, na anajifunza kwamba anapigiwa makofi kwa ubaya wake wa jana kuliko kwa kazi yake ya leo. Mpeni kupanga viti, kwaya au vyombo vya muziki.

Kuwapeleka watoto watukutu jela wakatishwe na wafungwa pia hakufai. Majaribio ya mipango hiyo Marekani yalipojumlishwa, watoto waliopelekwa walikosea zaidi kuliko wenzao walioachwa.

## Hali zenye utata

17. Familia imekataa nisirudi. Nilale wapi?

Sema kabla ya siku ya kutoka. Idara ya probesheni ina hosteli chache za vijana walio chini ya usimamizi wake, na nafasi hujaa. Mara nyingine anayekataa ni baba peke yake, na nyumba ya bibi iko wazi. Afisa anaweza kuongea na wote. Kama hujafika miaka 18, huachwi barabarani. Ofisi ya watoto inawajibika kwako, na 116 ni simu ya bure ya watoto.

18. Msichana amerudi na mtoto. Ushauri ni ule ule?

Mengi ni yale yale, ila mzigo wake ni mzito zaidi. Mvulana husemwa alikosea. Msichana husemwa ameharibika. Mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, na hivyo vitangulie hata kipande cha mama. Msimharakishe kuolewa ili "atulie". Aliyeolewa kwa kukimbia aibu hana pa kurudi akipigwa.

19. Naruhusiwa kupiga kura au kugombea?

Kura, ndiyo. Kinachokuzuia ni kosa la uchaguzi ndani ya miaka 5 iliyotangulia. Kugombea ubunge huzuiwa aliye chini ya kifungo cha angalau miezi 6 wakati wa kujiandikisha kuwa mgombea au siku ya uchaguzi. Sura ya 6 ya Katiba kuhusu uadilifu inaweza kuibuliwa na mpinzani, kwa hiyo ona wakili kwanza.

20. Sikufanya kosa lile, na kifungo nimeshamaliza. Kuna maana ya kukata rufaa?

Inaweza kuwepo, kwa sababu hatia hubaki kwenye rekodi hata baada ya kutoka. Muda wa rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu ni siku 14 baada ya hukumu, lakini mahakama inaweza kukuruhusu nje ya muda ukiwa na sababu ya maana. Omba nakala ya mwenendo wa kesi, kisha uende msaada wa kisheria. Msamaha wa rais chini ya kifungu cha 133 cha Katiba ni njia nyingine, na haisemi kwamba hukukosa.

21. Amekamatwa tena. Tumwache?

Kwanza tafuteni ni kwa nini. Kupigana sokoni, kukosa kuripoti kwa afisa na kurudi kuiba kwa silaha ni mambo matatu tofauti, na wakili au afisa wa probesheni atayashughulikia tofauti. Kama bado hajafika miaka 18, ni mahakama ya watoto tena, na azuiliwe mbali na watu wazima.

Wanazuoni wa Marekani waliwafuatilia wavulana 500 wa Boston waliopitia shule za kurekebisha tabia, baadhi yao hadi wakiwa na miaka 70. Wengi walirudi kwenye makosa mara kadhaa kabla ya kuacha, na waliacha walipopata kazi ya kudumu, ndoa iliyoshika au mabadiliko mengine ya maisha yaliyowapa ratiba na watu wa kuwajibikia. Kwa hiyo mtu aende kituoni leo, apeleke nguo, aulize dhamana, na amwambie fundi anayemfundisha kijana kwamba kijana hatakuja wiki hii, ili nafasi isipewe mwingine.